Kuomba Pasipo wa Kuombwa

Asiye na dini akitaka kusali, kinachomkwamisha kwanza ni sarufi, kabla hata ya imani. Kila sala aliyowahi kuisikia huanza kwa kumwita mtu: Ee Baba, Ewe Mola, Bwana wetu. Yeye hana wa kumwita. Anafumbua mdomo, anatafuta jina la kuanzia, halipatikani, anaufumba. Wengi huishia hapo, wakaamua kwamba sala ni mali ya wenye dini, na wanakaa hivyo miaka na miaka mpaka siku mtu wao anapolazwa hospitalini, nao wamesimama pembeni mwa kitanda hawajui mikono waiweke wapi.

Kiswahili kinatoa mlango. Kitenzi kikiishia na -e hubeba tamanio bila kumtaja anayeombwa. "Apone." "Alale usiku huu." "Tufike salama." "Nisimkasirikie." Ndani ya maneno hayo hakuna mpaji, na kwa hiyo hakuna uongo. Anayeamini atayasikia kama dua; asiyeamini anaweza kuyatamka bila kujisaliti. Ndiyo maana "ulale salama" na "upone haraka" hutoka vinywani mwa watu wa kila namna bila mabishano. Vitenzi vyenye asili ya Kiarabu havibadiliki mwishoni, tunasema "asamehe" na "arudi", lakini kazi ni ileile. Na kwa yale usiyotaka yatokee kuna -si-: "asiumie", "nisikate tamaa", "wasigombane".

Basi hatua ya kwanza ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Chukua karatasi, andika sentensi tano za namna hiyo: mbili kuhusu wengine, mbili kuhusu wewe, moja kuhusu jambo ambalo huna uwezo nalo hata kidogo. Zisome kwa sauti ya chini. Sentensi ikikukwama kooni, chunguza kwa nini. Mara nyingi utakuta unasema usichokitaka kweli ("nimsamehe" wakati bado unataka akuombe radhi kwanza), au umeazima maneno ya dini uliyoiacha. Ibadilishe mpaka ipite. "Nisimlipize" inaweza kuwa kweli leo hata kama "nimsamehe" bado. Kipimo ni hicho kimoja tu katika kazi hii yote: je, neno hili ni kweli kinywani mwangu?

Jambo hili si geni wala si la wachache. Utafiti wa maoni uliofanyika Marekani mwaka 2012 ulikuta kwamba kati ya watu wasiojihesabu katika dini yoyote, asilimia 21 walisema wanasali kila siku. Bila shaka wamo miongoni mwao wanaomwamini Mungu kwa namna yao, lakini idadi hiyo inatosha kuonyesha kwamba kutokuwa na dini na kutosali ni vitu viwili.

Ukiichambua sala ya dini yoyote kubwa utakuta viungo vinavyojirudia: kusifu, kushukuru, kutubu, kuombea wengine, kujiombea, na kunyamaza. Si vyote vinavyohamia kwa asiyeamini kwa wepesi uleule. Kusifu ndicho kigumu kuliko vyote, kwa sababu sifa inataka mwenye kusifiwa. Kinachobaki humo ni mshangao, na mshangao haulazimishwi. Ukikujia chini ya anga la usiku, simama dakika moja bila kusema kitu, inatosha.

Kushukuru nako kuna swali lake: kumshukuru nani? Tenganisha mafungu mawili. Kuna mema yaliyoletwa na watu, na hayo yana wenyewe. Taja jina, taja kitendo, taja kilimgharimu nini: "Fulani alinisubiri nusu saa kwenye baridi." Kisha mwambie. Shukrani isiyomfikia mwenyewe ikiwa yupo na anafikika ni deni. Fungu la pili ni mema yasiyo na mtoaji, kama mvua iliyokuja kwa wakati au jaribio la damu lililorudi safi. Hapo usilazimishe "asante". Sema "imekuwa heri" au "nimefurahi kwa hili", uendelee. Wanasaikolojia Robert Emmons na Michael McCullough, katika majaribio waliyoyachapisha mwaka 2003, waliwaagiza baadhi ya washiriki waandike mara moja kwa wiki, kwa wiki 10, hadi mambo matano ya kushukuriwa. Waliofanya hivyo waliyaona maisha yao kwa jicho jema kuliko walioorodhesha kero. Angalia kipimo: mara moja kwa wiki. Wanaoanza kwa pupa huandika kila usiku, na kabla ya mwezi kwisha orodha imekuwa "afya, familia, kazi", maneno ambayo hayajamgusa hata aliyeyaandika. Zoezi likichuja, punguza idadi ya siku, ongeza undani.

Toba ya asiyeamini ina ugumu ambao muumini hana, na sioni sababu ya kuuficha: hakuna wa tatu wa kukusamehe. Uliyemkosea ndiye pekee mwenye msamaha huo. Seneca, mwanafalsafa wa Roma, alieleza desturi yake ya kila usiku: taa ikishaondolewa na mke wake akishanyamaza, anaipitia siku nzima, bila kujificha lolote. Aliichukua kwa Sextius, mwanafalsafa aliyemtangulia, aliyekuwa akiiuliza nafsi yake maswali matatu: ovu gani umeliponya leo, kosa gani umelipinga, umekuwa bora upande gani. Kinachosahaulika katika maelezo yake ni sauti ya hukumu. Seneca anajikuta na kosa, anajiambia asirudie, anajisamehe, analala. Hajipigi.

Ukiifuata desturi hiyo, iwe dakika tano zisizozidi, na kila kosa liishe na mambo mawili: jina la mtu na siku. "Kesho kabla ya mchana nitamwambia kwamba nilidanganya kuhusu ile hesabu." Kosa lisilo na jina wala siku hugeuka kuwa kujichukia, na kujichukia ni kutamu kwa namna yake, humfanya mtu ajione mnyofu huku aliyeumizwa hajapata kitu. Kama aliyekosewa amefariki, mwandikie barua, kwa mkono, umwite kwa jina ulilokuwa ukimwita. Kuzungumza na marehemu kwa maandishi hakukulazimishi kuamini kwamba anasoma.

Kuombea wengine ndiko kunakowatesa wengi, maana ndiko kunakoombwa sana. Mtu anakuambia "niombee", na wewe huamini kwamba maneno yako yanafika popote. Kwanza tuweke wazi kinachojulikana. Mwaka 1872 Francis Galton, mwanasayansi wa Uingereza, alionyesha kwamba wafalme, ambao maisha yao marefu huombewa na taifa zima, hawakuwa wakiishi miaka mingi kuliko watu wengine wa tabaka la juu. Walikuwa wakiishi michache. Mwaka 2006 yalitoka matokeo ya utafiti mkubwa ulioongozwa na Herbert Benson, daktari wa moyo wa Harvard, kuhusu wagonjwa 1,802 waliofanyiwa upasuaji wa moyo katika hospitali sita za Marekani. Baadhi yao waliombewa na vikundi vya Wakristo kwa siku 14. Katika wale ambao hawakujua kama wanaombewa, waliopata matatizo baada ya upasuaji walikuwa asilimia 52 kwa walioombewa na 51 kwa wasioombewa. Lakini katika kundi la tatu, lililoambiwa waziwazi kwamba linaombewa, walifika asilimia 59.

Hiyo 59 inastahili kukaliwa kidogo. Sababu yake haikuthibitishwa, na huenda ni bahati tu ya hesabu. Watafiti wenyewe walidhani huenda wagonjwa waliingiwa na hofu: kumbe hali yangu ni mbaya kiasi cha kuitiwa waombaji? Kwa kazi yetu fundisho ni la adabu. Usimtangazie mgonjwa kwamba unamuombea kana kwamba unampa dawa. Akikuomba, mjibu kwa ukweli ulio nao: "Nitakukumbuka kila asubuhi." Kisha umkumbuke kweli. Kuahidi "nitakuombea" halafu kusahau ni uongo hata kwa muumini. Kwa asiyeamini ni uongo mara mbili.

Namna ya kufanya ni hii. Keti, miguu yote miwili chini, uweke simu mbali. Tamka jina la mtu mmoja, kwa sauti kama uko peke yako. Mwone alipo saa hii: kitanda, dirisha, nani yuko naye, maumivu yako wapi. Hapa usiharakishe, nusu dakika nzima. Kisha sema sentensi tatu za -e juu yake, mahususi: si "awe sawa", ila "asitapike leo, dada yake afike mapema, daktari amweleze kwa lugha anayoielewa". Nyamaza pumzi tano. Halafu jiulize: katika hayo matatu, lipi limo mikononi mwangu? Karibu kila mara limo mojawapo. Unaweza kumpigia yule dada. Unaweza kwenda naye kwa daktari ukaandika anayoambiwa. Kwa mtu mmoja kazi hii huchukua dakika mbili au tatu, na majina yasizidi matano kwa mkao mmoja. Ukivuka hapo, unasoma orodha.

Kinachoharibika hapa ni aina mbili. Ya kwanza ni kujiliwaza: mtu anasema sentensi zake, anasikia utulivu, anaona ameshasaidia, hainui simu. Ndiyo maana swali la mikono haliachwi. Ya pili ni kumuombea mtu awe unavyotaka wewe. "Aache kiburi" si kumuombea, ni kumsengenya kimyakimya. Dawa yake ni kuuliza kama ungeweza kuisema sentensi hiyo mbele yake. Simone Weil, mwanafalsafa wa Ufaransa aliyefariki mwaka 1943, aliona kwamba uangalifu kamili, ule wa kumtazama mwingine bila kumwingiza katika hadithi yako mwenyewe, ndio kiini cha sala. Yeye alikuwa na imani yake, lakini hoja hiyo haimdai mtu imani.

Kujiombea kunahitaji usimamizi mkali kuliko yote. Biashara ndiyo mtego: "nikipona hili nitaacha pombe". Hakuna wa kufanya naye mapatano hayo, na mtu akipona atagundua kwamba alijiahidi mwenyewe, na nafsi hukopeshana kwa urahisi. Badala ya kuomba jambo litokee, omba namna utakavyosimama litakapotokea. Ile sala maarufu ya utulivu iliyotungwa na Reinhold Niebuhr, mwanateolojia wa Marekani, ambayo vikundi vya Alcoholics Anonymous, vya watu wanaosaidiana kuacha pombe, vilivyoanza mwaka 1935, viliieneza duniani, ina maombi matatu ya namna hiyo hasa. Inageuka kwa wepesi: nitulie kwa nisiyoweza kuyabadili, nithubutu kwa ninayoweza, nijue yapi ni yapi. Hakuna jina lililotajwa wala maana iliyopungua.

Kwa saa ya hofu kali, maneno hufanya kazi kupitia pumzi. Mwaka 2001 Luciano Bernardi na wenzake walichapisha vipimo vya watu wazima 23 waliosoma rozari kwa Kilatini na, wakati mwingine, mantra ya Kibuddha, yaani maneno machache matakatifu ya kurudiarudia. Kwa vyote viwili pumzi zilishuka mpaka karibu sita kwa dakika, mwendo ambao mfumo wa mwili unaorekebisha mapigo ya moyo na shinikizo la damu hufanya kazi vizuri zaidi. Maana ya maneno ilikuwa tofauti kabisa. Kilichofanana ni urefu wake. Kwa hiyo sentensi ya kurudiarudia iwe na silabi kama kumi, itoke yote katika pumzi moja ya kutoa: "Nitulie, nione, nitende." Vuta hewa kwa pua, kimya, sekunde nne au tano; itoe na maneno sekunde tano au sita. Rudia mara thelathini, ambayo ni kama dakika tano. Kichwa kikizunguka au vidole vikifa ganzi, unavuta hewa nyingi mno na unapoteza kabonidayoksaidi. Pumua kwa wepesi zaidi, usipumue kwa nguvu. Kosa la kawaida ni kuanza kujifunza siku ya hofu yenyewe. Siku hiyo mwili unataka kitu unachokijua tayari, kwa hiyo zoezi lifanyike wiki mbili tatu za salama kwanza.

Kunyamaza, nadhani, ndiko kunakohitaji maelezo machache. Huyo huyo Benson, mwaka 1975, alitoa maelekezo ambayo hayajapitwa: mahali patulivu, mkao usiochosha, neno moja la kurudia, na kutojali mawazo yanapokatiza. Dakika 10 hadi 20, mara moja au mbili kwa siku. Hilo la nne ndilo linalowashinda watu. Wazo likija, hufanyi lolote nalo. Unarudi kwenye neno. Ukirudi mara mia umefanya zoezi mara mia.

Wakati na mwili ni mambo ambayo wasioamini huyadharau, na ndiyo wenye dini wamejua kwa karne nyingi. Mwislamu haamui kama leo anajisikia kuswali alfajiri, saa imefika. Watawa hugawa siku yao kwa vipindi vya sala vilivyopangwa. Saa huita, mtu huitika. Asiyeamini hana kengele wala adhana inayomhusu, akitegemea hisia atasali siku za msiba tu, na siku hizo ndizo ngumu kuanzia. Funga sala yako kwenye kitendo ambacho hukosi kukifanya: kufungua dirisha asubuhi, kuvua viatu jioni. Chagua pia mkao ambao huutumii kwa kitu kingine, viganja wazi juu ya mapaja, kwa mfano. Baada ya majuma machache mkao wenyewe utaanza kukutuliza kabla ya neno la kwanza.

Kusali pamoja ni habari nyingine. Kuna Wayahudi wasioamini wanaosoma Kaddish kwa ajili ya wazazi wao waliofariki. Sala hiyo, kwa desturi, hutaka watu wazima kumi, na maandishi yake hayataji kifo hata mara moja. Wanaoifuata husema kinachowabeba ni wale kumi. Tangu tarehe 11 Novemba 1919, saa 5 asubuhi, Uingereza ilipoanza kukaa kimya dakika mbili kwa ajili ya waliokufa vitani, dunia imekuwa na sala ya hadhara isiyo na neno la kubishaniwa.

Mbele ya sala za wengine, simama wanaposimama, tulia, usitabasamu kwa maana. Huna wajibu wa kusema "amina", ingawa neno lenyewe, lililotoka katika Kiebrania, linabeba maana ya "na iwe hivyo", na hiyo "iwe" ni -e vilevile. Ukiwa kando ya mgonjwa mwenye imani asiye na nguvu ya kusoma, muulize anataka kusomewa nini, umsomee yote, pamoja na sehemu usizoziamini. Hapo hudanganyi, unamwazima koo. Lakini anayekufa bila imani asivutiwe sala dakika za mwisho kwa sababu waliomzunguka wanaogopa. Mshike mkono. "Pole" inatosha, neno ambalo halidai kujua kwa nini wala nani amesababisha.

Ukitakiwa uongoze sala kwenye mkusanyiko, usianze kueleza msimamo wako, hakuna aliyeuliza. Nusu dakika inatosha, na inaweza kuwa hivi:

"Leo tumekaa hapa wote tisa. Tunamkumbuka ambaye kiti chake kiko wazi. Tunawashukuru waliopika na waliotoka mbali. Wasafiri warudi salama, mgonjwa wetu apate nafuu, na tuliokosana tupatane. Tukae kimya kidogo."

Wenye dini watasema amina, na imetimia kwao pia.

Kuna hali ambazo sala yoyote si tiba yake. Ukijikuta unarudia sentensi mpaka itoke "sawasawa", au unahisi kwamba ukiruka siku moja mtu ataumia, huo ni wasiwasi kwa maana yake ya zamani kabisa, ule ambao wanazuoni wa Kiislamu waliutaja kwa watu wasiomaliza kutawadha. Leo wasiwasi huo una matibabu yanayofanya kazi, na kuongeza sala huuzidisha. Huzuni isiyoachia kwa wiki mbili, usingizi uliokatika, hamu ya kufa: daktari kwanza. Na aliyeumizwa ndani ya dini anaweza kukuta kila neno la kwenye ukurasa huu linachoma. Aache maneno, atembee dakika ishirini kila siku kwa njia ileile, ahesabu hatua zake. Akitaka maneno siku moja, yatamjia.

Inabaki namna ya kumaliza, jambo linalosumbua kuliko linavyoonekana. Sala isiyo na mwisho hupotelea kwenye mawazo ya kazi, na mtu hajui kama amesali au ameketi tu. Wengine hutumia amina kwa mazoea ya utotoni na hawaoni tatizo. Wengine hupiga makofi mara moja. Wapo wanaosema "basi", kwa sauti, wakainuka, wakachukua simu na kumpigia yule dada.